Kupima Tungamo ya Mshtarii kwa Darubini Ndogo na Saa: Mwongozo wa Mtazamaji wa Anga

Hakuna mzani unaoweza kubeba sayari. Hata hivyo tungamo ya Mshtarii, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake, imejulikana kwa kulinganishwa na Jua tangu Isaac Newton alipochapisha kitabu chake cha Principia mwaka 1687. Njia aliyoitumia haikuhitaji kuifikia sayari yenyewe. Ilihitaji kuitazama miezi inayoizunguka na kujibu maswali mawili tu: mwezi fulani uko mbali kiasi gani na sayari, na unatumia muda gani kukamilisha mzunguko mmoja. Mwenye majibu ya maswali hayo mawili amekwisha kuipima sayari, na njia hiyohiyo ndiyo inayotumika hadi leo kupima Jua, nyota pacha, na hata vitu vya angani ambavyo havitoi mwanga wowote.

Mwongozo huu umeandaliwa kwa msomaji asiye na chombo kikubwa wala mafunzo ya unajimu wa kisayansi, lakini mwenye uvumilivu wa kutoka nje kila jioni kwa wiki tatu au nne na kuandika anachokiona. Hesabu zinazohitajika hazizidi kuzidisha na kugawanya.

Kwa nini mwezi hufichua tungamo ya sayari yake

Kani ya mvutano ni nguvu ambayo kwayo kila kitu chenye tungamo hukivuta kila kitu kingine. Nguvu hiyo huongezeka tungamo inapoongezeka, na hupungua upesi umbali unapokua, kwa kuwa umbali ukiongezeka mara mbili mvutano hubaki robo, na ukiongezeka mara tatu hubaki sehemu moja ya tisa. Watu wengi hudhani kwamba Mwezi hauanguki kwa sababu uko mbali mno na mvutano wa Dunia. Ukweli ni kwamba Mwezi unaanguka wakati wote, na mwanguko wake unaweza kukokotolewa.

Embe likichomoka mtini huanguka takriban mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 kuliko embe hilo, hivyo mvutano unaoufikia umepungua mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600, na mita 4.9 zikigawanywa kwa 3,600 hupatikana milimita 1.4 hivi. Kiasi hicho kidogo ndicho Mwezi unachoanguka kuelekea Dunia katika sekunde moja. Lakini katika sekunde hiyohiyo Mwezi husonga kando kwa takriban kilomita 1, na mwendo huo wa kando ukiunganika na mwanguko wa milimita 1.4 njia yake hupinda kiasi cha kuirudia Dunia daima bila kuigonga. Njia hiyo ya kuzunguka ndiyo inayoitwa obiti. Newton aliifanya hesabu hii mwenyewe, na inafaa kila msomaji airudie kwa mkono wake kabla ya kuendelea, kwa maana ndani yake mna jambo zima: kinachoangusha embe ndicho kinachoushika Mwezi.

Kutokana na hayo hufuata jambo lililo moyo wa mwongozo huu. Ikiwa kitu cha katikati kina tungamo kubwa, mvutano wake ni mkali, na chochote kinachokizunguka hakina budi kwenda kasi ili kisianguke ndani. Ikiwa tungamo ni ndogo, mwendo wa polepole hutosha. Kasi ya kinachozunguka, basi, ni taarifa ya tungamo ya kinachozungukwa. Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika mwezi wa Mshtarii uitwao Io. Mwezi huo uko umbali wa kilomita 421,800 kutoka kitovu cha sayari yake, na Mwezi wetu uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kitovu cha Dunia; yaani umbali wao unakaribiana sana. Mwezi wetu hutumia siku 27.32 kumaliza mzunguko mmoja. Io hutumia siku 1 na saa 18 na nusu. Unakwenda kilomita 17 kila sekunde ilhali Mwezi wetu unakwenda 1, na hakuna sababu nyingine ya tofauti hiyo isipokuwa ukubwa wa tungamo ya Mshtarii.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama uzito wa mwezi wenyewe hauharibu hesabu. Hauharibu, kwa sababu mwezi mzito huvutwa kwa nguvu zaidi lakini pia ni mgumu zaidi kuusogeza kwa kiasi kilekile, na mambo hayo mawili hufutana. Kwa hiyo mtazamaji hahitaji kujua lolote kuhusu mwezi anaoutazama isipokuwa umbali wake na kipindi chake, yaani muda wa mzunguko mmoja.

Uhusiano kati ya umbali na kipindi uligunduliwa na Johannes Kepler, aliyeuchapisha mwaka 1619 kuhusu sayari zinazolizunguka Jua: kipindi kikiwa katika kipeo cha pili (namba ikizidishwa kwa yenyewe) hulingana na umbali ukiwa katika kipeo cha tatu (namba ikizidishwa kwa yenyewe mara mbili). Newton ndiye aliyeonyesha kwamba kanuni hiyo inatokana na kani ya mvutano, na kwamba ndani yake imejificha tungamo ya kitu cha katikati.

> Kanuni ya kutumia
>
> Tungamo ya sayari ikilinganishwa na Dunia = (A × A × A) × (B × B)
>
> A ni umbali wa mwezi kutoka kitovu cha sayari, kwa kilomita, ukigawanywa kwa 384,400.
>
> B ni 27.32 ikigawanywa kwa kipindi cha mwezi huo, kwa siku.

Kanuni imeandikwa hivi ili Mwezi wetu uwe kipimo cha kulinganishia. Ukiweka namba za Mwezi wetu wenyewe, A huwa 1 na B huwa 1, na jibu ni Dunia moja, kama inavyopaswa.

Vifaa

Kifaa kinachofaa zaidi ni darubini ndogo yenye lenzi ya mbele ya milimita 60 au zaidi, inayokuza kati ya mara 40 na mara 80, ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu isiyotikisika. Darubini ya macho mawili yenye maandishi 10×50 huonyesha miezi ya nje kama nukta, na hutosha kabisa kwa kupata kipindi, lakini duara la sayari huonekana dogo mno kutumika kama rula. Mwenye chombo hicho atapata kipindi kwa macho yake na kuazima umbali kutoka kwenye jedwali lililo mbele. Anayeshika darubini ya macho mawili mkononi bila kuiegemeza hataona chochote cha maana, hivyo aifunge kwenye stendi au aiegemeze ukutani.

> Orodha ya kukagua kabla ya kutoka nje
>
> ☐ Darubini na stendi
>
> ☐ Karatasi za kipimo (maelezo yako katika hatua ya 1)
>
> ☐ Penseli na kitu kigumu cha kuandikia
>
> ☐ Saa inayoonyesha dakika kwa usahihi
>
> ☐ Tochi iliyofunikwa kwa karatasi au kitambaa chekundu, ili mwanga mweupe usiyapotezee macho uzoefu wa giza

> Onyo
>
> Darubini ya aina yoyote isielekezwe kwenye Jua, hata kwa sekunde moja, na watoto wasiachiwe chombo mchana bila mtu mzima. Mwanga wa Jua uliokusanywa na lenzi huunguza ndani ya jicho papo hapo, na jeraha hilo halina tiba.

Wakati wa kutazama na namna ya kuipata sayari

Kila baada ya miezi 13 hivi Dunia hupita katikati ya Jua na Mshtarii. Wakati huo sayari huchomoza Jua linapotua, huonekana usiku kucha, na huwa kubwa na angavu kuliko wakati mwingine wowote. Nafasi hizo huangukia Februari 2027, Machi 2028 na Aprili 2029, na miezi miwili kabla na miwili baada ya kila moja ni wakati mzuri pia. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, mwaka 2027 ni wa bahati, kwa kuwa Januari na Februari anga la sehemu nyingi huwa kavu. Miaka miwili inayofuata sayari itafika kileleni katika msimu wa masika, na itafaa kazi ianzwe mapema, kabla ya mawingu kutanda. Wakazi wa ukanda wa ikweta wana faida nyingine isiyosemwa sana: sayari hupita juu karibu na utosi, ambako hewa ya kupenya ni nyembamba na picha hutulia.

Mshtarii huonekana kama nyota nyeupe yenye kuelekea rangi ya maziwa, angavu kuliko nyota zote halisi, na haimetimeti. Zuhura huizidi kwa mng'aro, lakini Zuhura haiachani mbali na Jua na haionekani kamwe katikati ya usiku. Mirihi ina wekundu. Nyota ya Sirius, ambayo wengi huidhania sayari, humetameta na kubadili rangi. Wasiwasi ukibaki, darubini humaliza ubishi: Mshtarii ni duara dogo lenye nukta mbili, tatu au nne zilizojipanga kwenye mstari mmoja pande zake.

Nukta hizo ndizo Galileo Galilei alizoziona mjini Padua tarehe 7 Januari 1610. Usiku huo aliona tatu, mbili mashariki ya sayari na moja magharibi. Usiku uliofuata zote tatu zilikuwa magharibi. Na tarehe 13 aliona ya nne. Chombo chake kilikuwa duni kuliko darubini nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo.

Hatua za kutazama

1. Tayarisha karatasi za kipimo. Chora katikati ya karatasi duara lenye kipenyo cha milimita 5, kisha mstari mlalo unaopita katikati yake, na utie alama kila milimita 5 hadi 14 kila upande, ukianza kuhesabu kutoka kitovu cha duara. Kila alama inawakilisha kipenyo kimoja cha Mshtarii. Toa nakala za kutosha usiku wote wa kazi.

2. Weka darubini nje nusu saa kabla ya kutazama ili lenzi zifikie joto la hewa ya nje. Chombo kilichotoka ndani ya nyumba yenye joto huonyesha picha inayotetema.

3. Anza kutazama mapema, anga likiwa bado na mwanga wa magharibi. Katika giza kamili mng'aro wa sayari huvimba machoni na duara huonekana kubwa kuliko lilivyo. Mwanga kidogo wa jioni hupunguza udanganyifu huo. Kwa wakazi wa karibu na ikweta muda huo ni mfupi, hauzidi nusu saa, kwa hiyo stendi iwe tayari. Miezi hafifu ikijificha katika mwanga huo, kadiria ukubwa wa duara kwanza na urudi kuikamilisha michoro giza likiingia.

4. Tambua mashariki na magharibi ndani ya darubini. Iache darubini bila kuigusa. Sayari itateleza polepole kuelekea ukingo wa picha, na ukingo inaouelekea ndio magharibi. Fanya hivi kila usiku, kwa sababu darubini nyingi hugeuza picha juu chini au kushoto kulia.

5. Weka nukta za miezi kwenye karatasi. Kwa kila nukta kadiria ni vipenyo vingapi vya sayari vingeweza kupangwa kati ya kitovu cha sayari na nukta hiyo, na uiweke mahali pake, ukionyesha pia ile inayong'aa zaidi.

6. Andika tarehe na saa. Tumia mpangilio mmoja wa saa tangu mwanzo hadi mwisho. Anayeandika leo "saa 3 usiku" na kesho "21:00" atajichanganya mwenyewe, na anayetazama baada ya usiku wa manane akumbuke kwamba tarehe ya simu imekwisha kubadilika. Njia salama ni kuhesabu saa zilizopita tangu mchoro wa kwanza.

7. Rudia kila usiku usio na mawingu, na ikiwezekana mara mbili kwa usiku, kwa kuachanisha saa tatu au nne. Anayefanya hivyo ataona kwa macho yake Io ukisogea kati ya mchoro wa kwanza na wa pili.

Kuzitofautisha nukta

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa nukta zote zinafanana na hazibebi majina. Mtu anayezunguka mnazi uwanjani, akitazamwa na aliyekaa mbali, huonekana akienda kulia, akigeuka, akirudi kushoto, na kupotea kidogo nyuma ya shina. Ndivyo miezi hii inavyoonekana, kwa sababu obiti zake zinatazamwa karibu ubavuni. Kila mwezi, basi, una mwisho wake ambao hauwezi kuuvuka, na mwisho huo ndio utambulisho wake.

> Miezi mikubwa minne ya Mshtarii
>
> | Mwezi | Umbali wa mwisho (vipenyo vya sayari) | Kipindi (siku) |
> |---|---|---|
> | Io | 2.95 | 1.77 |
> | Europa | 4.69 | 3.55 |
> | Ganymede | 7.49 | 7.15 |
> | Callisto | 13.17 | 16.69 |

Nukta iliyo mbali zaidi ya vipenyo 8 ni Callisto bila shaka, kwa maana hakuna mwingine unaoweza kufika huko. Iliyo kati ya 5 na 7.5 ni Ganymede au Callisto, na Ganymede ndio unaong'aa kuliko yote minne ilhali Callisto ndio hafifu kuliko yote. Mwezi wa kuanza nao ni Ganymede: ni rahisi kuutambua, uko mbali na mng'aro wa sayari, na katika wiki tatu hukamilisha karibu mizunguko mitatu. Callisto utahitaji zaidi ya mwezi mzima wa kalenda ili kupata mizunguko miwili. Io, kwa upande wake, unamfaa mwenye subira tu, kwa kuwa huruka kutoka upande hadi upande kati ya usiku na usiku.

Msomaji makini atagundua jambo jingine katika jedwali: Ganymede ukizunguka mara moja, Europa huzunguka mara mbili na Io mara nne. Mpangilio huo si wa bahati nasibu. Miezi hiyo mitatu huvutana yenyewe kwa yenyewe, na kwa kukutana mahali palepale mara kwa mara hushikana katika mwendo wa pamoja ambao huizuia obiti ya Io isiwe duara kamili. Mvutano wa Mshtarii juu ya Io kwa hiyo hukaza na kulegea kila mzunguko, ukiukanda mwezi huo na kuupasha joto ndani, na ndiyo sababu chombo cha Voyager 1 kilipopita huko mwaka 1979 kilikuta volkano zinazolipuka. Kani ileile inayopanga nukta kwenye mstari huyeyusha mawe.

Hatua za hesabu

1. Chukua karatasi ya grafu. Mlalo uwe siku, wima uwe umbali wa mwezi mmoja uliouchagua: mashariki juu ya mstari wa sifuri, magharibi chini yake.

2. Weka nukta za michoro yote, kisha chora kwa mkono mstari laini wa wimbi unaopita karibu nazo kadiri inavyowezekana. Usiunganishe nukta kwa mistari iliyonyooka, na usilazimishe wimbi lipite katika kila nukta. Nyingine zitakuwa na makosa.

3. Soma urefu wa kilele cha wimbi. Huo ndio umbali wa mwezi kwa vipenyo. Chukua wastani wa vilele vya juu na vya chini.

4. Soma siku kati ya kilele kimoja na kingine cha upande uleule. Hicho ni kipindi. Ukiwa na mawimbi kadhaa, pima kutoka kilele cha kwanza hadi cha mwisho na ugawanye kwa idadi ya mizunguko, kwa sababu kosa la saa chache likigawanywa kwa mizunguko minne hubaki robo.

5. Zidisha umbali kwa 143,000, ambacho ni kipenyo cha Mshtarii kwa kilomita kwenye ikweta yake. Hii ndiyo namba pekee ya Mshtarii inayoazimwa kwa wengine.

6. Tumia kanuni.

Tuseme grafu ya Ganymede imetoa umbali wa vipenyo 7.5 na kipindi cha siku 7.15. Umbali kwa kilomita ni 7.5 × 143,000, yaani 1,072,500. Ukigawanywa kwa 384,400 hupatikana A = 2.79, na A ikizidishwa kwa yenyewe mara mbili huwa 21.7. Namba 27.32 ikigawanywa kwa 7.15 hutoa B = 3.82, na B mara B ni 14.6. Zidisha 21.7 kwa 14.6: jibu ni karibu 317. Mshtarii ina tungamo ya Dunia 317, na thamani inayokubalika leo ni 318.

Mtazamaji asitarajie kuikaribia namba hiyo hivyo katika jaribio la kwanza. Ikiwa amekadiria vipenyo 6.8 badala ya 7.5, kosa lisilofika hata sehemu moja ya kumi, jibu lake litashuka hadi 236 hivi, kwa kuwa umbali unaingia katika kipeo cha tatu na kila kosa lake huvimba karibu mara tatu. Kipindi ni chepesi kukipata kwa usahihi. Umbali ndio mgumu, na ndiko juhudi zote zielekezwe. Hata hivyo jibu la 236 bado limesema ukweli mkubwa: sayari ile ni mamia ya Dunia, wala si makumi au maelfu.

Makosa ya kawaida

Kosa linaloongoza ni kupima kutoka ukingo wa duara badala ya kitovu chake, ambalo hupunguza kila umbali kwa nusu kipenyo. La pili ni kuukadiria mng'aro kama sehemu ya sayari. Picha za simu zilizopigwa kupitia darubini zina ugonjwa huu zaidi kuliko jicho, kwa sababu ili miezi ionekane duara huachwa livimbe kwa mwanga. Atakayetumia simu apige picha mbili, moja ya mwanga mdogo kwa ajili ya duara na moja ya mwanga mwingi kwa ajili ya miezi, bila kubadili ukuzaji.

Mwezi ukikosekana, hilo si kosa. Huenda umepita mbele ya sayari, umejificha nyuma yake, au umeingia ndani ya kivuli chake. Andika "hauonekani" na uendelee. Nyota halisi iliyo nyuma nayo inaweza kujipenyeza kwenye mstari, lakini itaachwa nyuma usiku unaofuata.

Kosa la mwisho ni la uaminifu: kuifuta nukta iliyo mbali na wimbi kwa sababu inaharibu sura ya grafu. Nukta hiyo ibaki, na kando yake iandikwe kilichotokea usiku huo, kama upepo au mawingu mepesi.

Kutoka Mshtarii hadi nyota

Kanuni haikuandikwa kwa Mshtarii pekee. Weka Dunia mahali pa mwezi na Jua mahali pa sayari: umbali wa kilomita milioni 149.6 ukigawanywa kwa 384,400 ni 389, na kipindi ni siku 365.26. Jibu ni karibu Dunia 330,000. Tungamo hiyo ndiyo inayolifanya Jua kuwa nyota, kwa kuwa mvutano wake wenyewe huibana maada ya katikati hadi joto lifike digrii milioni 15 hivi, ambapo hidrojeni huungana kuwa heli na kutoa nishati inayosukuma nje dhidi ya mbano huo. Mshtarii, pamoja na Dunia zake 318, ni nyepesi mno kwa kazi hiyo.

Kwa nyota pacha, yaani mbili zinazozungukana, hesabu huwa fupi zaidi iwapo umbali utapimwa kwa umbali wa Dunia na Jua, na kipindi kwa miaka: umbali katika kipeo cha tatu ukigawanywa kwa kipindi katika kipeo cha pili hutoa tungamo ya nyota zote mbili kwa Jua. Alpha Centauri, inayoonekana vizuri upande wa kusini jioni za Aprili hadi Juni jirani na Msalaba wa Kusini, ni nyota mbili zinazozungukana kwa takriban miaka 80, wastani wa umbali wao ukiwa takriban 23.4. Kipeo cha tatu cha 23.4 ni 12,813. Kipeo cha pili cha 80 ni 6,400. Jibu ni Jua 2. Darubini ileile ndogo huzitenganisha.

Njia hii hufika hata pasipo na mwanga. Mwaka 1844 Friedrich Bessel alitangaza kwamba Sirius inayumba kana kwamba inavutwa na mwenzi asiyeonekana, na mwenzi huyo alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1862. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ikiwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksi kutoka angani. Miongoni mwa vyanzo ilivyovichunguza kilikuwa Cygnus X-1, na wataalamu wa anga walipoelekeza darubini zao huko walikuta nyota kubwa ikizunguka kila siku 5.6 pamoja na kitu kisichoonekana. Kipindi na kasi ya nyota hiyo vilitosha kuonyesha kwamba mwenzi wake ana tungamo kubwa mno kuwa kitu kingine isipokuwa shimo jeusi, yaani mahali ambapo mvutano hauachii hata mwanga.

Atakayemaliza Mshtarii na kutaka kazi ya pili aelekeze darubini kwenye Zohali. Mwezi wake mkubwa, Titan, huonekana kwa lenzi ya milimita 60, na huko kipimo ni rahisi zaidi, kwa kuwa badala ya duara lenye kung'aa mtazamaji hutumia upana wa pete kutoka ncha hadi ncha, ambao ni takriban kilomita 273,600. Titan hufika hadi upana wa pete 4.5 hivi kila upande na kipindi chake ni siku 15.95. Pete zinapoonekana kwa uwazi obiti yake hainyooki kama ya miezi ya Mshtarii, kwa hiyo nukta itapita juu na chini ya sayari, na umbali usomwe tu siku inapofika mwisho wa mashariki au wa magharibi, ikiwa kwenye mstari mmoja na ncha za pete. Karatasi ya kipimo itachorwa upya, kanuni itabaki ileile, na jibu likiwa kati ya Dunia 90 na 100 kazi imefanyika vizuri.